Ile inakukalia ku kifua si mulozi

Kolwezi, Likasi, Fungurume, kila mahali kwenye batu banafanya posti ya usiku, tunasikia habari moja. Papa anarudi asubuhi, analala. Kiisha anaamuka, macho wazi, lakini mukono hautikisiki, sauti haitoki, na kitu kizito kimemukalia ku kifua. Mara ingine anaona mutu amesimama ku mulango. Inapita mbio. Lakini mu jamaa haipiti. Banaanza kutafuta nani anakuya kumukaba, na mara mingi kidole kinaangukia kambo, ao mutoto yatima anayelelewa pale nyumbani.

Tuseme wazi: banganga banaijua hii jambo. Wakati tunaota, mwili unajifunga wenyewe, misuli inalegea, ili tusirushe mikono na miguu kufuata ndoto. Siku ingine akili inaamuka mbele ya mwili. Mutu anajikuta amefungwa, na ndoto ingali mbele ya macho yake. Inatokea zaidi kwa mwenye kukosa usingizi, mwenye kubadilisha saa za kulala kila mara, mwenye kulala chali. Ni nani huyo kama si mutu wa posti ya usiku?

Kumushitaki mutoto bulozi, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inakataza na inatoa azabu. Lakini hatutaki kungojea polisi. Tunataka papa apate usingizi.

Tuhesabu pamoja. Masaa 12 ku kazi, saa moja na nusu mu bisi ya kwenda, saa moja na nusu ya kurudi: inabaki 9. Toa kuoga, kula, kuongea kidogo na batoto. Mutu mukubwa anahitaji masaa 7 ya kulala. Inabaki paka hiyo 7, kama hakuna mutu anagonga mulango. Na banagonga! Jirani anakuya kuomba jembe, baa imefungua muziki tangu saa nne, korali inajaribu baflo, na mwezi wa Oktoba manjanja inawaka kama sufuria ku moto. Kiisha banasema: huyu anashinda kulala, ni muvivu.

Kulala kwake muchana ni kazi, sawa vile kuvaa kofia na viatu vya usalama. Mutu aliyekaa macho masaa 17 anaitika pole sawa mwenye kunywa pombe. Kamio ya mugodi ikienda kilometa 40 kwa saa, inatembea metre 11 kila sekunde. Shofere akisinzia sekunde 4, ni metre 44 bila mutu ku volani.

Ku makampuni, kuko kibao ku mulango kinachohesabu siku bila ajali. Muzuri. Lakini masaa ya bisi, nani anayahesabu? Tunaomba yaingie mu hesabu ya mapumziko. Na posti zizunguke kufuata jua: asubuhi, kiisha mangaribi, kiisha usiku. Mwili unazoea hivyo vyepesi kuliko kurudi nyuma.

Ba mama, blanketi nzito ku dirisha, simu ya papa ikae kwenu. Ba papa, kahawa ya mwisho iwe katikati ya posti, si saa ya kutoka. Bia inaleta usingizi mbio, kiisha inauvunja njiani. Na vidonge vya usingizi vya soko, bila munganga, hapana.

Jambo lingine tunalichekea bure: kukoroma. Kama papa anakoroma, ananyamaza sawa pumzi imekatika, kiisha anashituka kuvuta hewa, na muchana anasinzia hata mu bisi, hiyo ni ugonjwa. Inaendana na tansio ya kupanda. Mama ndiye anayeisikia. Aende naye ku munganga aieleze yeye mwenyewe, juu mwenye kulala hajisikii.

Na kama kifua kinakaliwa tena, alale ubavu, na mutu amuguse mukono. Mara mingi hiyo tu inamuamusha.