Mwenye Tovuti Ndiye Mwenye Dhamana

Tangu tarehe 1 Mei, 2023, nchi yetu inatumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2022, na ipo Tume ya kuisimamia. Sheria hiyo inatilia nguvu Ibara ya 16 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Ni sheria njema. Lakini sheria ya namna hii hupimwa kwa jinsi inavyomlinda mwananchi pale asipojua kwamba anatazamwa, na leo mahali hapo ni kwenye tovuti.

Mwananchi anapofungua ukurasa wa tovuti katika simu yake, hudhani kwamba yuko na mwenye tovuti peke yake. Kumbe sivyo. Katika kurasa nyingi hupachikwa vipande vya programu vya kampuni nyingine: kitufe cha kuonyesha kwamba umependa, chombo cha kuhesabu wasomaji, au picha ya nukta moja isiyoonekana kwa macho. Ukurasa ukifunguka, vipande hivyo huifanya simu ipeleke habari kwenye kompyuta za kampuni hiyo: anwani yake ya intaneti, ukurasa unaosomwa, na mara nyingi namba iliyohifadhiwa ndani ya kidakuzi. Akienda tovuti ya pili na ya tatu zenye vipande hivyo hivyo, hutambuliwa kwa namba ile ile. Mtu aliyesoma asubuhi juu ya dalili za ugonjwa, mchana juu ya mkopo, na jioni juu ya kutafuta kazi, amekwisha kufunguliwa jalada na watu asiowajua, nao hulitumia kuuzia matangazo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Je, ni nani wa kuulizwa? Mwenye tovuti hupenda kujibu kwamba yeye hakuchukua kitu. Jibu hilo lilikwisha kukataliwa Ulaya. Duka la nguo la Ujerumani liitwalo Fashion ID lilipachika kitufe cha Facebook katika tovuti yake, na taarifa za kila aliyeitembelea zikapelekwa Facebook, hata kama hakubonyeza kitufe wala hakuwa mwanachama. Tarehe 29 Julai, 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mwenye duka anawajibika pamoja na Facebook kwa kukusanya na kupeleka taarifa hizo, ingawa hawajibiki kwa yale ambayo Facebook inayafanya baadaye. Maana yake ni nyepesi: aliyefungua mlango hawezi kusema kwamba hamjui aliyeingia.

Tarehe 1 Oktoba, 2019, Mahakama hiyo hiyo iliamua katika shauri la Planet49 kwamba kisanduku kilichokwisha kutiwa alama kabla msomaji hajakigusa si ridhaa. Nayo mamlaka ya Ufaransa, mwanzoni mwa mwaka 2022, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na euro milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukubali vidakuzi kulihitaji mbonyezo mmoja, lakini kuvikataa kulihitaji mibonyezo kadhaa. Ridhaa inayopatikana kwa kumchosha mtu ni hila.

Hatuna haja ya kuinakili Ulaya neno kwa neno, maana zana tunazo. Sheria yetu inamtaka mkusanyaji amjulishe mtu madhumuni kabla ya kuchukua taarifa zake. Inampa mtu haki ya kuzuia taarifa hizo zisitumike kwa kumtangazia biashara. Inaweka pia masharti ya kuzipeleka nje ya nchi, na hapo ndipo penye uzito, kwa kuwa kampuni kubwa za ufuatiliaji huu ni za nje. Taarifa za mkulima wa Mbozi na za mama mjamzito wa Tandahimba zikigeuzwa bidhaa ughaibuni bila wao kujua, huo ni unyonyaji, hata kama mirija yake haionekani.

Wako watakaosema kwamba bila ufuatiliaji tovuti ndogo zitakufa kwa kukosa matangazo. Hoja hiyo ina sehemu ya ukweli, kwani matangazo yanalisha kazi nyingi halali. Lakini tangazo la mbegu laweza kuwekwa kwenye makala ya kilimo bila kumfuata msomaji hadi nyumbani kwake, na mwenye tovuti aweza kuhesabu wasomaji wake kwa chombo chake mwenyewe.

Kwa hiyo tunaishauri Tume itamke bila kigugumizi kwamba anayepachika kifuatilizi cha kampuni nyingine ni mkusanyaji mbele ya sheria, na kwamba kitufe cha kukataa kiwe wazi sawasawa na cha kukubali. Taasisi za umma zitangulie kukagua tovuti zao, hasa za afya na elimu, na kuondoa kila kisichohitajika. Mwananchi hutakiwa kuzitumia ili apate huduma. Hana tovuti nyingine ya kukimbilia. Serikali inayomtaka aiamini kwa taarifa zake haina budi kuwa mfano wa kwanza.