Je, Sarufi Yaweza Kuwa Kazi ya Mtu?

Wenzangu wa Kidato cha Nne wakiulizwa watafanya kazi gani baada ya masomo, hujibu: udaktari, uhandisi, uanasheria. Nikijibu mimi ya kuwa nataka kuchunguza jinsi lugha zinavyogeuka, wao hucheka, na nyumbani naulizwa kama sarufi ni mboga ya kulia ugali. Swali hilo si baya. Nataka kulijibu hapa kwa kumtaja mtu mmoja aliyeishi kwa kazi hiyo.

Mtu huyo ni Profesa Derek Nurse. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970, na baadaye katika Chuo Kikuu cha Memorial huko Newfoundland, Kanada. Katika mwaka wa 1993 yeye na Thomas Hinnebusch walitoa kitabu kikubwa kiitwacho Swahili and Sabaki. Humo walionyesha ya kuwa Kiswahili ni ndugu wa Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro. Maneno ya Kiarabu tunayo mengi, lakini mifupa ya lugha ni ya Kibantu. Na wale wasemao Kiswahili ni mtoto wa Kiarabu hawana hoja.

Alijuaje? Mchunguzi wa Kichina anavyo vitabu vya kale. Wachina walitunga kamusi ya vina, Qieyun, katika mwaka wa 601, na Mswidi mmoja, Bernhard Karlgren, aliitumia pamoja na lahaja alizozisikia China kwenyewe ili kukisia matamshi ya zamani. Sisi hatuna kamusi ya mwaka wa 601. Kitabu chetu ni vinywa vya watu walio hai. Mchunguzi huliweka neno la kijiji hiki kando ya neno la kijiji kile, na akiona tofauti zinafuata kanuni, hupata njia ya kurudi nyuma.

Kanuni hizo zimo hata katika Kiswahili cha kila siku. Anayependa ni mpenzi, anayelinda ni mlinzi: d imekuwa z. Anayefuata ni mfuasi: t imekuwa s. Anayepika ni mpishi, anayeandika ni mwandishi: k imekuwa sh. Hapana aliyekaa akaamuru hivyo. Zamani, wataalamu wasema, palikuwa na irabu saba, na i mojawapo ilitamkwa kwa kubana sana hata ikaigeuza konsonanti iliyoitangulia. Irabu ile imekwisha kupotea, alama yake imebaki. Mimi nilipolifahamu jambo hili nilifurahi kuliko nilivyopata kufurahia hesabu yo yote (mwalimu wa hesabu aniwie radhi).

Basi na Ufipa? Nurse hakuishia pwani. Katika mwaka wa 1988 alitoa makala ndefu juu ya historia ya lugha za kusini-magharibi ya Tanzania, na Kifipa kimo. Kabla yake Malcolm Guthrie wa London, alipozipa lugha za Kibantu herufi na namba, aliandika Kifipa M13, Kilungu M14, Kimambwe M15. Wenzetu wa Matai wasione wivu. Katika mwaka wa 2002 Martin Walsh na Ndugu Imani Swilla walikusanya habari za yote yaliyokwisha kuandikwa juu ya lugha za huku.

Nawashukuru wageni, maana bila wao kurasa zetu zingekuwa chache mno. Lakini mgeni hukaa miezi michache, huuliza maneno aliyokuja nayo katika orodha, kisha hurudi kwao. Hawezi kuuliza neno asilojua kuwa lipo. Tazameni malungu, yale matanuri marefu ya udongo ambamo babu zetu waliyeyusha chuma. Mengine yamesimama hata leo, lakini mafundi wenyewe wamekufa, na maneno ya kazi yao mengi yamekwenda nao. Hakuna kanuni itakayoyarudisha.

Kwa wazazi nasema hivi: kazi hii haina utajiri, mshahara wake ni wa mwalimu. Lakini ni kazi, na vyuo vikuu huiajiri.

Kwa walimu na wanafunzi nina ombi. Kwanza, tuache kuwacheka mabwenini wanaosema Kifipa, Kimambwe au Kiwanda. Pili, kila mmoja wetu aende likizo na daftari, amwulize babu au bibi majina ya jambo moja tu, kama kilimo, uwindaji au undugu, akaandike kama alivyosikia, bila kulisafisha neno lifanane na Kiswahili. Madaftari yawekwe katika maktaba ya shule. Mimi nilianza likizo iliyopita na kilimo cha intumba, yale matuta yetu ya nyasi. Bibi yangu alinipa maneno 43. Mama yangu, aliyezaliwa nyumba ile ile, manne kati ya hayo hakuwa ameyasikia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne