Simu ya Reykjavik na Kibaraza cha Suneka

Tembea ujionee, walinena wahenga. Kwa Abagusii walioweka makao katika jimbo la Minnesota, Marekani, safari ya kurejea nyumbani ni ndefu, na mojawapo ya njia zake hupitia Reykjavik, mji mkuu wa kisiwa cha Aislandi, kaskazini kabisa mwa bahari ya Atlantiki. Chukua mfano wa baba, mama na watoto wawili wanaokwenda Suneka kumwona nyanya yao. Wana saa chache za kusubiri ndege. Wanapanda basi kutoka uwanja wa Keflavik, mwendo wa kilomita 50 hivi, wanalitazama kanisa la Hallgrímskirkja lenye kimo cha mita 74.5, wanapiga picha huku wakitetemeka kwa baridi, kisha wanarudi uwanjani. Je, wamejionea nini?

Aghalabu msafiri wa namna hii husimulia baridi na bei ya chakula. Lililo kubwa zaidi limeandikwa ukutani. Taifa hilo lina watu wasiotimia 400,000, lakini lugha yao imo katika vibao vya barabara, bungeni, shuleni na katika riwaya. Sheria ya mwaka 2011 iliithibitisha kuwa lugha ya taifa. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu Abagusii zaidi ya milioni 2.7. Ni bayana, basi, kwamba uchache wa watu si hoja ya kuiua lugha.

Mwanafunzi wa Kiswahili angepata jambo jingine la kumfurahisha. Waaislandi huiita simu "sími", neno la kale lililomaanisha uzi. "Simu" yetu nayo yatokana na neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Maneno haya hayana udugu. Yamekutana njiani tu. Aidha, kompyuta huitwa "tölva", neno lililoundwa kwa kuunganisha namba na mwaguzi wa kike. Wakenya nao waliunda "tarakilishi" kutokana na tarakimu na akili. Mbinu ni ile ile, ila hatima ni tofauti: tölva hutumiwa na mtoto na mzee, ilhali tarakilishi imebaki zaidi vitabuni na katika mizaha ya wanafunzi. Neno halikui kwa ubora wa uundaji wake bali kwa kutumiwa.

Wapo watakaopinga kwamba Aislandi ni nchi tajiri yenye lugha moja kuu, ilhali Kenya ina lugha zaidi ya 40. Hoja hii ina uzito. Isitoshe, huko nako wazee hulalamika kuwa Kiingereza huwafikia watoto kupitia skrini. Hata hivyo, utajiri hauhitajiki ili mama amwamkue mwanawe "bwakire" kila asubuhi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yenyewe inaitaka serikali kukuza lugha za kiasili sambamba na Kiswahili kilicho lugha ya taifa.

Si haki kuwalaumu wazazi wa Minnesota peke yao. Wengi wao walisoma katika zama ambapo mwanafunzi aliyenena lugha ya mama alivishwa kibao shingoni ili aone haya. Haya hiyo waliisafirisha. Hata Suneka kwenyewe wapo wazazi wanaowasemesha watoto Kiingereza cha kuungaunga kwa kuogopa mitihani.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vina wajibu hapa. Visiitazame Ekegusii kama mshindani. Wanachama wake na wakusanye ngano za wazee na kuzichapisha kwa Ekegusii na Kiswahili kurasa mkabala, ili mtoto wa ughaibuni apate pa kuanzia.

Familia ile hatimaye itafika Suneka. Nyanya atatoka kibarazani, atasalimu, na wajukuu watamgeukia baba awatafsirie. Safari nzima ilifanywa kwa ajili ya mazungumzo hayo, na ndiyo yasiyowezekana. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini atakayerejea ngamani bila lugha ya humo atakaa kama abiria anayesubiri ndege nyingine.