Nilimfuta babu kovu, ukoo ukaniitia kikao

Wale mliokuwa mnauliza mbona sionekani mitaani, jibu ni moja tu: nilikuwa na kesi. Si ya polisi, bora hata ingekuwa ya polisi, maana kule kuna dhamana. Kesi yangu ilikuwa ya ukoo. Wazee wamekaa uani kwenye viti, mbege iko katikati, na mshitakiwa, yaani mimi mwenyewe, nimewekwa kwenye kigoda na simu mkononi. Kosa langu? Kumfuta mtu kovu.

Tulia nikupe mkanda mzima.

Mnajua kwamba tangu nimalize kidato cha nne, mkono mmoja unaandika hapa na mwingine unashika kamera. Kamera yenyewe ya mtumba, niliipata Moshi mjini ikiwa na lenzi moja ya milimita 50 na mkwaruzo ambao muuzaji aliapa kwa mama yake kwamba ni vumbi. Sikusomea popote. Nimejifunza kwa kupiga, kukosea na kutukanwa na wateja.

Tusi la kwanza lilitoka kwa sista du mmoja wa hapa Mkuu. Nilimpiga kwa simu, nimemsogelea karibu kama daktari wa meno, picha ikatoka pua kama pilipili hoho. Akauliza, "Kaka, hii pua umenikopea kwa nani?" Baadaye ndiyo nikaelewa. Ukimsogelea mtu sana, kilicho mbele kinavimba na masikio yanakimbilia nyuma. Rudi hatua tatu nne, halafu ivute sura kwa lenzi ndefu kidogo, pua inarudi mahali Mungu alipoiweka. Si lenzi inayomharibu mtu, ni umbali.

Kosa la pili lilikuwa la migomba. Huku kwetu kila mtu anataka kupigwa kihambani, kuna kivuli na ubaridi wake. Lakini jua likipita kwenye majani ya mgomba linatua usoni likiwa la kijani. Nilimpiga bwana harusi mmoja hapo, akatoka rangi ya mtu mwenye malaria ya wiki mbili. Siku hizi namtoa mtu mpaka ukingoni mwa migomba, naomba shuka jeupe, mdogo wangu analishika chini ya kidevu kurudisha mwanga. Watu wanacheka, wanasema mnakamua pombe? Picha ikitoka hakuna anayecheka.

Halafu kuna jua lenyewe. Kila anayefundisha upigaji picha anasema subiri saa ya dhahabu, jioni, jua linapozama. Anayesema hivyo hajawahi kuishi Rombo! Sisi tuko upande wa mashariki wa Kilimanjaro. Jioni mlima unalimeza jua mapema, watu wa bondeni bado wanaota mwanga sisi tumeshawasha taa. Dhahabu yetu iko asubuhi, jua linapochomoza upande wa Kenya na kuipiga Mawenzi usoni, mita zake zote 5,149. Likifika saa nne mawingu yamefunga, na mchana jua liko utosini, macho ya watu yanakuwa mashimo. Kwa hiyo nikikwambia njoo saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukiwa umevaa pamba zako, usidhani nimelewa.

Na pamba zipo. Vijana wa hapa wanajua kuvaa kwa bei ya mitumba kuliko mabitozi wengi wa Dar. Nimepiga picha za mitindo stendi, juu ya magunia ya mahindi, na mbele ya mlango wa duka uliopakwa bluu. Hapo nikajifunza jambo jingine: kamera haina akili. Inachotaka ni kila kitu kiwe na mwanga wa kati na kati. Ukimweka mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza, mtu anabaki meno na macho. Lazima wewe uiamuru: ongeza, nataka uso, ukuta na uungue.

Hapa naomba nitoke nje ya mada kidogo, kwa sababu hili la meno na macho lina historia. Enzi za filamu, kampuni ya Kodak ilikuwa inazipelekea maabara za kusafisha picha kadi ya kupimia rangi. Kwenye kadi kuna mwanamke wa kizungu, na kadi zikaitwa "Shirley", jina la mwanamke wa mwanzo, likabaki hata wanawake walipobadilika. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri basi mashine iko sawa. Ngozi yako wewe na mimi hakuna aliyeiuliza. Filamu zilianza kurekebishwa miaka ya 1970, na unajua nani walikuwa katika waliolalamika kwa nguvu? Watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao! Rangi za kahawia za bidhaa zao hazikuwa zinatofautiana kwenye picha. Yaani kabati lilisikilizwa mapema kuliko shangazi yangu. Ilifika mpaka 2021 ndiyo Google wakaitangaza simu yao ya Pixel 6 kwa sifa ya kuitendea haki ngozi nyeusi. Kwa hiyo ukifungua albamu ya nyumbani ukamkuta baba kwenye picha ya darasa ni meno matupu, usimcheke sana. Si yote yalikuwa makosa yake.

Turudi kwenye kesi.

Ukishapiga, kuna kuediti. Watu wanafikiri kuediti kumeletwa na simu. Hapana bwana. Wazee wa studio walikuwa wanachonga penseli mpaka iwe kama sindano, wanagusa negativu, chunusi inaondoka. Programu ya Photoshop, kazi ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll, ilianza kuuzwa Februari 1990, na leo kazi ile ile unaifanya kwa kidole ukiwa ndani ya Noah ya kwenda Tarakea. Unagusa kovu, kovu halipo. Unavuta mstari, mtu amekuwa mweupe. Rahisi ile mbaya.

Na mimi nilikuwa najifanya najua ubaya wake. Nilishaisoma ile ya Lupita Nyong'o, Mkenya mwenzetu wa jirani, aliyezaliwa Mexico City. Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilimweka ukurasa wa mbele, lakini nywele zake alizofunga nyuma zilikuwa zimefutwa na zilizobaki zimelainishwa. Lupita akaweka hadharani picha zote mbili, ya kweli na iliyochezewa, akasema wangemuuliza angewaeleza kwamba hawezi kukubali urithi wake uondolewe. Mpiga picha, An Le, akaomba radhi, na jarida nalo likaomba. Na ukitaka uone kichwa cha mtu ni mali yake, kumbuka mwaka 2007 Flaviana Matata wetu wa Shinyanga alikwenda Miss Universe, huko huko Mexico City, akiwa na kipara chake safi, akaingia kumi bora. Mmoja alinyoa mwenyewe, mwingine alinyolewa na kompyuta. Nilipoisoma habari ya Lupita nilitikisa kichwa nikasema, wazungu bwana!

Desemba ikaja. Desemba ya huku hamhitaji kuambiwa, Wachaga wote wa Dar, Arusha na Mwanza wanarudi kula Krismasi, magari yanapandana barabara ya Mwika, na mpiga picha halali. Jirani yetu mmoja, babu mwenye zaidi ya miaka themanini, watoto na wajukuu walimjalia wakatimia. Wakaniita. Nikampiga babu saa moja asubuhi ukingoni mwa kihamba, koti la suti, shuka jeupe chini, jicho linang'aa. Nawaambia ukweli, ilikuwa picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga.

Mjukuu mmoja, mtoto wa mjini, akachungulia kioo akasema, "Kaka, mng'arishe basi mzee. Mtoe hayo makunyanzi." Hakunilazimisha. Niliona sifa tu. Nikakaa nayo usiku kucha. Makunyanzi nikayapiga pasi. Kovu lililokuwa linakata nyusi yake likaondoka kwa mguso mmoja. Pengo la mbele nikalijaza kwa kunakili jino la jirani. Ngozi nikaipandisha rangi kidogo, wanasema "kuitakatisha". Asubuhi familia nzima ikashangilia. Babu peke yake aliishika ile picha, akaisogeza, akaisogeza tena, akaniuliza kwa upole, "Kijana huyu ni wa nyumba gani?"

Tulicheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote.

Machi babu akafariki. Mnajua misiba yetu: inatakiwa picha ya kutangulia mbele ya jeneza, picha ya kwenye ratiba, picha ya msalabani. Ikatolewa ile ile, ikakuzwa, ikafungwa kwenye fremu. Dada yake babu akaja kutoka Tarakea, bibi aliyekonda na fimbo yake. Akasimama mbele ya fremu muda mrefu mpaka watu wakanyamaza. Kisha akasema, "Mmeniitia msiba wa nani? Huyu simjui."

Akasaidiwa kukaa. Akaanza kueleza, na hata watoto wa marehemu walikuwa hawajawahi kuisikia habari hiyo. Walipokuwa wadogo walitumwa kukamua. Yeye ndiye aliyeambiwa ashike kamba ya ng'ombe. Akaiachia. Teke likampata kaka yake usoni. Kaka hakumsema kwa baba yao, alisema ameanguka mwenyewe. "Kila nikimwona naliona lile kovu," alisema bibi, "na kila siku ananicheka. Leo hata la kuagia mmelifuta?"

Mpenzi msomaji, natamani ardhi ingepasuka siku ile.

Baada ya mazishi ndipo kikao kikaitwa. Hawakutaka faini. Walitaka kovu. Nikasema ngoja nirudishe picha ya awali, na hapo ndipo jasho likanitoka: picha ya awali haipo. Nilihifadhi kazi yangu juu ya ile ile, na memori kadi niliifomati kwa ajili ya harusi ya Mwaka Mpya. Mjinga kabisa! Tangu siku hiyo naediti nakala, ya kwanza siigusi, na ninaihifadhi sehemu mbili. Mdogo wangu ananiita benki.

Tukatafuta picha nyingine. Ya kitambulisho ni ndogo, haioni kitu. Mwishowe binti mmoja akakuta kwenye simu yake selfi aliyopiga na babu Desemba hiyo hiyo, kovu linaonekana. Nikafurahi, kumbe ugomvi ndiyo unaanza. Kwenye selfi kovu liko nyusi ya kulia. Mtoto wa kwanza wa marehemu akaapa lilikuwa kushoto. Mwingine akasema picha haisemi uongo. Wazee wakaanza kushikana mashati kwa ajili ya nyusi!

Mimi nikaikuza ile selfi polepole. Babu alikuwa amevaa kofia ya kampeni, na maandishi ya kofia yanasomeka kinyumenyume. Nikapumua. Simu nyingi zikipigwa kwa kamera ya mbele zinaweza kuhifadhi picha kama kioo, kushoto inakuwa kulia. Nikaigeuza mbele yao, maandishi yakasomeka, kovu likahamia kushoto. Mtoto wa kwanza akapiga meza kama ameshinda kesi ya ardhi.

Nikaikata ile nyusi, nikaipandikiza kwenye picha kubwa, nikashusha rangi ya ngozi mpaka walipokubaliana ndiyo yake, na makunyanzi nikayachora moja moja wakinielekeza: hapa zaidi, hapa punguza, hapo ulipoweka ni ya baba yake mdogo. Siku tatu. Nyusi haijatulia sana, ukiangalia kwa karibu ina ukungu kwa sababu selfi ilikuwa ndogo. Jumapili nikampelekea bibi Tarakea, imechapishwa upya. Alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya kovu toka mwanzo mpaka mwisho. Akanyamaza. Nikajua nimesamehewa, nikaanza kutafuta viatu vyangu.

"Kaa chini," akasema. "Kovu umerudisha. Pengo lake je?"

Na hapo ndipo nilipo mpaka naandika hapa. Kwenye selfi babu amefunga mdomo. Kwa hiyo kama uliingia Mkuu Desemba ile, ukapita nyumba ile ya nje ina mgomba mmoja mrefu uliotegeshwa mti, ukampiga babu picha akiwa anacheka, naomba uilete kwa mhariri. Nauli nalipa mimi.