Programu ya Kuandikia Kodi: Kwa Nini Tuibe Kinachotolewa Bure?



Ndugu wasomaji, wanafunzi na wazazi wa Tunduma na mkoa mzima wa Songwe, tunafurahi kuona vijana wetu wanajifunza kuandika kodi (si ile wanayotozwa wafanyabiashara pale mpakani na Nakonde, bali maagizo yanayofuatwa na kompyuta). Linalotusikitisha ni kwamba kijana akiuliza aandikie programu gani, mtaani hupewa flashi yenye programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli. Mwenyewe hakuitoa, na flashi za namna hiyo ndizo zinazojaza virusi kompyuta zetu. Halafu haja yenyewe haipo!

Microsoft Word haifai kwa kazi hii, kwa sababu inachanganya maandishi na mapambo yake, na hata alama za kunukuu inazipinda. Kodi inataka herufi tupu. Kwa anayeanza na kompyuta ya mezani yenye Windows, sisi tunapendekeza Notepad++, aliyoitoa Don Ho mwaka 2003. Ni bure, ni ndogo, na ukishaiweka haihitaji intaneti. Mwenye Linux atumie Geany.

Ipo na nyingine, Vim, ambayo Mholanzi Bram Moolenaar aliitoa mwaka 1991. Katika miaka ya 1990 bwana huyu alikwenda Kibaale, kusini mwa Uganda, akajitolea katika kazi za maji na usafi kwenye kituo cha watoto, katika eneo ambalo UKIMWI ulikuwa umeacha yatima wengi. Basi akaweka ombi ndani ya leseni ya programu yake: tumia, nakili, wape wenzako bure, na ukiridhika nayo wasaidie watoto wenye shida wa Uganda. Kwa miaka mingi ukurasa wa kwanza wa Vim uliwakumbusha watu dunia nzima habari ya watoto hao, majirani zetu. Moolenaar alifariki mwaka 2023. Tunajiuliza, mwenye kazi anapokupa kwa mkono wake, unakwenda kuiba ya nani?

Wapo watakaosema Vim ni ngumu. Ni kweli, wengi hukwama hata katika kuifunga. (Bonyeza Esc, andika :q! kisha Enter.) Si lazima kuanza nayo.

Ukishachagua, usianze kuandika kabla ya kuipanga. Hakikisha inahifadhi kwa UTF-8. Hili kwetu sisi tunaoandika Kiswahili na Kiarabu katika ukurasa mmoja ni kubwa, kwani Notepad ya Windows za kabla ya 2019 ilihifadhi kwa mfumo mwingine usipoibadilisha, na herufi za Kiarabu zikageuka alama za kuuliza. Washa namba za mistari, maana kompyuta ikilalamika hutaja mstari wenye kosa. Waambie Windows ionyeshe majina kamili ya mafaili, la sivyo utadhani umehifadhi ukurasa.html kumbe ni ukurasa.html.txt, na utahangaika siku nzima. Ukubwa wa herufi uongeze bila kuona haya.

Na umeme je? Kompyuta ya mezani haina betri, ukikatika, imezimika. Vim huweka akiba pembeni kila baada ya herufi 200, au ukitulia sekunde 4, nawe ukirudi inakuuliza kama unataka kuirejesha kazi yako. Notepad++ nayo hufanya hivyo kila sekunde 7, mradi usiizime sehemu ya akiba katika mipangilio.

Wazazi wenye hofu ya gharama za bando, faili la kuweka Notepad++ ni MB chache tu. Mmoja wetu alipakue kutoka tovuti ya mwenyewe, aliweke kwenye flashi safi ya madrasa, na wengine wote wanakili hapo. Leseni yake inaruhusu.