Matairi ya theluji hayana kazi Migori

Leo naweka programu kando tuongee mpira. Si mpira wa Gor Mahia. Ni ule mpira mweusi unaobeba gari lako kutoka Migori hadi Homa Bay.

Mwenye Subaru Impreza, Legacy au WRX ukimsimamisha, atakueleza habari za turbo na mlio wa ekzosi mpaka jua litue. Muulize sasa matairi yake yalitengenezwa mwaka gani. Kimya. Ilhali gari lote linashikana na barabara kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja karibu sawa na kiganja cha mkono. Nguvu zote za injini na breki zote hupitia hapo.

Msimamo wangu ni huu: ukishalipia gari, pesa ya kwanza iende kwenye matairi mazuri ya mvua, na rimu ziwe ndogo kuliko zile unazozitamani.

Theluji inaingiaje hapa? Inakuja na meli. Kenya huruhusu magari ya mtumba yasiyozidi miaka 8, na mengi hutoka Japani. Kaskazini mwa Japani, kama Hokkaido, theluji hukaa miezi mingi, na Subaru hupendwa huko kwa sababu huvuta kwa magurudumu yote manne. Zamani Wajapani walitumia matairi yenye misumari, lakini yalikuwa yakikwaruza lami na kujaza miji vumbi, hivyo sheria ya 1990 ikayabana. Viwanda vikahamia tairi la theluji lisilo na misumari, lenye mpira laini sana na mikato myembamba mingi usoni. Gari likiuzwa wakati wa baridi, mara nyingi linasafirishwa na matairi hayo hayo.

Jambo la kuchekesha ni kwamba sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inakataza kuingiza matairi yaliyotumika ya magari madogo. Mlango umefungwa, lakini tairi linaingia likiwa limefungwa kwenye gari, tena lina meno marefu. Mnunuzi anafurahi: "Hizi bado mpya kabisa!"

Bado mpya, ndiyo, lakini kwa kazi nyingine. Mpira wa tairi la theluji umechanganywa ubaki laini joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Kando ya ziwa pale Homa Bay, mchana unacheza karibu na nyuzi 30, na lami yenyewe ina moto zaidi. Hapo ule mpira unalegea, meno yanajipinda, gari linayumba kwenye kona na breki zinachukua mita nyingi zaidi kusimamisha gari, hasa lami ikiwa na maji. Halafu linalika haraka. Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu: kitu kilichojaribiwa kwenye mashine moja kinapelekwa kwenye mashine tofauti kabisa, halafu tunashangaa kikianguka.

Kulitambua ni rahisi. Piga magoti, usome ubavu wa tairi:

1. Ukiona neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, hilo si lako.
2. Majina kama Blizzak, iceGUARD na Winter Maxx ni matairi ya theluji. Ni mazuri sana, kwao.
3. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. 3519 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata usipotembea.

Sasa mvua. Sisi hatuna majira ya baridi, lakini tuna masika ya Machi hadi Mei na vuli mwishoni mwa mwaka. Hayo ndiyo majira ya kununulia tairi. Barabara ya A1 kutoka Isebania kupitia Migori, Awendo na Rongo inabeba malori ya mpakani, matrekta ya miwa, bodaboda na watu wa miguu, wote kwenye lami moja. Matrekta yakitoka shambani huacha tope. Mvua ikilinyeshea hilo tope, unaendesha juu ya sabuni. Ukikata Rongo kuelekea Homa Bay, ukiacha tu lami kuingia kijijini unakutana na ule udongo mweusi unaonata.

Kuna hesabu moja naipenda, ya wahandisi wa NASA, iliyotolewa 1963 wakati wakichunguza matairi ya ndege. Chukua presha ya tairi kwa psi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 16.7. Jibu ni kasi, kwa kilomita kwa saa, ambayo tairi lililolika huanza kuelea juu ya maji yaliyotuama. Kwa psi 32 unapata kama 94. Presha ikishuka hadi 24 unapata kama 82. Tairi likishaelea, usukani ni pambo na breki ni pambo. Mifereji ya tairi kazi yake ni kuyatoa hayo maji, kwa hiyo usingoje meno yafike milimita 1.6, pale kwenye alama za kuonyesha tairi limekwisha. Yakifika 3, anza kutafuta mengine. Na kupima presha hakugharimu kitu, ni kusimama tu penye pampu.

Tuje kwenye rimu, ambapo najua nitachukiwa. Hebu tupige hesabu ya saizi tatu ambazo urefu wake unakaribiana:

205/55R16: kipenyo milimita 632, ubavu 113
205/50R17: kipenyo milimita 637, ubavu 103
225/40R18: kipenyo milimita 637, ubavu 90

Gurudumu zima ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba ukitoka 18 kurudi 16 umeongeza milimita 23 za mpira na upepo kati ya rimu yako na shimo. Shimo lililofunikwa na maji halionekani. Ubavu mwembamba ukilipiga, tairi linatoka uvimbe au rimu inapinda. Ubavu mnene unameza.

Najua jibu la vijana: rimu kubwa yenye tairi jembamba inashika kona vizuri zaidi. Kwenye lami kavu na laini, nakubali. Usukani unaitika upesi. Lakini nionyeshe hiyo lami kavu na laini mwezi wa Aprili, kutoka Migori hadi Mbita, isiyo na tuta wala ng'ombe.

Kabla ya kununua rimu, angalia haya. Impreza nyingi zina nati 5 kwenye duara la milimita 100, lakini STI nyingi kuanzia modeli ya 2005 na WRX za umbo la 2014 zina 114.3. Haziingiliani. Tundu la katikati ni milimita 56.1. Na kama gari lako lina breki kubwa za STI, rimu ya 16 huenda ikagusa breki, basi simama kwenye 17. Saizi zinazokubalika zimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kisha nunua matairi yote manne pamoja, ya aina moja. Subaru inataka mizunguko ya magurudumu isitofautiane kwa zaidi ya robo inchi hivi, la sivyo difu ya katikati inafanya kazi mchana kutwa na kuchemka. Tairi moja la mtumba la kuziba pengo laweza kukuletea bili ya giaboksi.

Ukikuta tairi lenye kibandiko cha Ulaya, tazama herufi iliyo kando ya wingu la mvua. A au B, chukua. Hayo ya theluji, usimwuzie jirani kwa bei ya kutupa.

Gari la kasi ni raha, sikatai. Lakini pale Awendo saa kumi na moja jioni, watoto wanatoka shule wakitembea ukingoni mwa lami, na mvua nayo inapenda saa hizo hizo. Mita chache za breki ulizookoa kwa kununua mpira mzuri ni mita ambazo mtoto wa mtu amesimama. Rimu inayong'aa haijawahi kusimamisha gari.

Kwa leo naishia hapo. Kesho asubuhi kabla ya kuwasha gari, piga magoti usome ubavu wa tairi.