Kiti cha Shule na Ngazi ya Siasa



Mara nyingi twasikia katika matawi yetu kwamba uchaguzi wa halmashauri ya shule ni kazi ya akina mama na walimu, na kwamba mfanyi kazi aliyetoka zamu ya usiku ana haki ya kulala siku hiyo. Sisi hatukubali. Kura ile ndogo yaweza kumwinua mtu hadi Bungeni, na watoto wabaki pale pale walipokuwa. Leo twawaletea habari za mji wa Boston, huko Marekani, ambako jambo hili lilitokea waziwazi na walioumia wengi wao walikuwa wafanyi kazi kama sisi.

Katika miaka ile shule za serikali za Boston zilikuwa chini ya Kamati ya Shule yenye wajumbe watano. Walichaguliwa na mji mzima kila baada ya miaka miwili, wala hawakulipwa mshahara. Tazameni vizuri hesabu hii. Kwa kuwa mji mzima ulipiga kura pamoja, na Watu Weusi walikuwa wachache, Mtu Mweusi hakupata kiti. Bi Ruth Batson aligombea mwaka 1951 akashindwa. Na kwa kuwa kiti hakikuwa na mshahara, wako waliokitafuta kwa moyo wa kutumikia, na wako waliokitafuta kwa sababu ya kiti kingine kilichokuwa mbele yake.

Mwaka 1961 alichaguliwa Bi Louise Day Hicks. Alikuwa mwanasheria, binti wa jaji, mzaliwa wa South Boston, mtaa wa Waayalandi na wa watu wa kazi. Aliomba kura akisema kwamba yeye ndiye mama peke yake katika orodha ya wagombea. Halikuwa neno baya. Januari 1963 akawa mwenyekiti.

Juni mwaka huo chama cha NAACP kilifika mbele ya kamati, Bi Batson akiwa msemaji wake. Waliomba mambo kadha wa kadha, lakini la kwanza lilikuwa kamati ikiri kwamba watoto weusi wametengwa katika shule zao, hata kama hakuna sheria iliyoandika hivyo. Kwetu Kenya kabla ya uhuru utengano ulikuwa wazi: shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na wazee wetu wa reli waliuona hata katika landi walizopewa kulala. Boston haukuandikwa, nao ukakanwa. Bi Hicks na wenzake wakakataa neno lile. Watoto weusi kwa maelfu wakagoma siku moja, wakafundishwa makanisani, na Februari 1964 wakagoma tena kwa wingi zaidi.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Novemba 1963, baada ya kukataa huko, Bi Hicks aliwashinda wagombea wote kwa wingi wa kura. Hapo ndipo, twaona sisi, alipoijua bei ya neno “hapana”. Mwaka 1965 jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria kwamba shule yenye watoto wasio Wazungu zaidi ya nusu irekebishwe, na mji usiotii unyimwe fedha. Kamati haikutii, fedha za shule zikazuiwa, na mwaka huo huo Bi Hicks akaongoza tena kwa kura. Fedha zile zilikuwa za watoto wote, weusi kwa weupe. Wakati huo huo Bi Ellen Jackson na wazazi wenzake walikuwa wakichanga fedha zao wenyewe kukodi mabasi, ili watoto wao wafike katika shule zilizokuwa na nafasi tupu. Kamati haikutaka kulipa hata nauli.

Mwaka 1967 aligombea umeya. Neno lake lilikuwa kwamba watu wanajua anaposimama, wala hakuhitaji kulieleza zaidi. Aliongoza katika mchujo, kisha akashindwa na Kevin White kwa kura kama 12,000. Aliwaahidi polisi na wazima moto mshahara wa dola 10,000 kwa mwaka, na wengi wakauliza fedha zitatoka wapi. (Wanachama wetu nao wamezisikia ahadi za namna hiyo mwaka wa uchaguzi.) Mwaka 1969 akaingia Baraza la Mji, na mwaka 1970 akachaguliwa kwenda Bunge la Marekani. Mwaka 1971 akagombea umeya tena, akashindwa vibaya zaidi. Mwaka 1972 Joe Moakley akamwondoa Bungeni, naye akarudi barazani.

Hatusemi kwamba hakuyaamini aliyoyasema. Wala hatuwacheki wazazi wa South Boston walioogopa mtoto wao kupelekwa mtaa wa mbali. Mzazi gani haogopi? Lakini shule zao nazo zilikuwa kuukuu, na watoto wachache walitoka hapo kwenda chuo kikuu. Kwa miaka ile yote walipewa adui wa kumchukia badala ya madarasa.

Tarehe 21 Juni 1974 Jaji Arthur Garrity aliamua kwamba Kamati ya Shule iliwatenga watoto kwa makusudi. Septemba mabasi yakaanza kuwabeba, na mabasi ya watoto weusi yakapigwa mawe South Boston. Bi Hicks alikuwa kiongozi wa chama cha kupinga mabasi kilichoitwa ROAR. Na jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni hili: Julai 1974, katika kesi ya Detroit, Mahakama Kuu ya Marekani ilizuia mipango ya namna hii isivuke mpaka wa mji kuingia vitongoji ambavyo havikutenda kosa. Basi watoto wa wenye mali waliokaa nje ya Boston hawakupanda basi hata moja. Maskini mweusi na maskini mweupe wakaachiwa kupigana wao kwa wao juu ya shule mbovu.

Mwaka 1977 Bi Hicks alishindwa katika uchaguzi wa baraza, na siku hiyo hiyo John O'Bryant akawa Mtu Mweusi wa kwanza katika karne ile kuingia Kamati ya Shule. Wanafunzi, waliokuwa zaidi ya 90,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, walishuka chini ya 60,000 katika miaka ya 1980. Tangu 1992 wajumbe wa kamati huteuliwa na meya. Wananchi wa Boston walipoteza hata ile kura yenyewe.

Kwetu, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawapa wazazi wawakilishi sita katika halmashauri ya usimamizi ya shule. Akija mtu kutaka kura yako, muulize fedha zilizoletwa zimetumiwaje, madarasa mangapi yanavuja, na watoto wangapi wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Akianza kukueleza habari za kabila la mwalimu mkuu, mrudishe kwenye paa.

Tawi lolote ambalo wanachama wake wamenyimwa ruhusa ya kwenda mkutano wa wazazi lituandikie, likitaja tarehe na zamu.